Kusaga kwa umeme au kwa mkono? Kisa cha nyumba moja iliyotaka kinu cha kahawa

Kisa hiki ni cha mke na mume wanaokunywa kahawa kila asubuhi, waliokuwa wamekwisha kuweka kando fedha za kununua mashine kubwa ya kusagia. Ni rafiki zangu wa karibu na wameniruhusu kukieleza mradi nisiwataje. Nakiandika kwa urefu kwa sababu karibu maswali yote ninayoulizwa kuhusu vinu vya kahawa yamo ndani yake: umeme au mkono, meno ya kusagia yenye umbo la koni au meno bapa, mashine ya kila kazi au ya kazi moja. Limo pia swali ambalo watu hulipita haraka mno, nalo ni kama kosa kweli liko kwenye kinu.

Mke ndiye anayeandaa kahawa ya asubuhi. Hutumia koni yenye karatasi ya kuchujia, gramu 30 za kahawa kwa gramu 500 za maji, vikombe viwili kwa mkupuo mmoja. Mume hupenda birika la kukandamizia, lile lenye wavu wa chuma unaosukumwa chini, na hulitumia mwisho wa wiki akiwa na nafasi. Wana mtoto mchanga anayelala chumba kilichopakana na jiko. Vifaa vyao ni mizani ya jikoni, birika la umeme la kawaida, na mashine ya visu, yaani kikopo chenye panga mbili chini ambazo huzunguka ukibonyeza kitufe. Kahawa hununua ya punje, iliyokaangwa kiasi cha kati, na hawaiachi ikae hadi ipoteze harufu.

Malalamiko ya mke yalikuwa matatu. Kahawa ilikuwa chachu na chungu kwa pamoja, halafu ikaacha ukakasi ulimini. Haikuwa na uthabiti: leo nzuri, kesho haifai, na vipimo ni vilevile. Tena maji yalikwama kwenye karatasi siku nyingine, yakachukua mara mbili ya muda wa jana yake kushuka.

Suluhisho walilolipanga lilikuwa mashine ya umeme yenye meno bapa, inayodai kusaga kila kiwango kuanzia unga wa espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, hadi chembe kubwa za birika la kukandamizia. Hoja yao ilikuwa kwamba siku moja watanunua mashine ya espreso, kwa hiyo heri wanunue kinu kimoja kitakachowafaa hata wakati huo. Nikawaomba wasubiri kidogo kabla ya kulipa.

Anayesikia kwamba kahawa ni chachu na chungu kwa wakati mmoja anaweza kudhani mnywaji hajui anachokisema. Anajua vizuri kabisa, na maelezo yake yanaonyesha mahali pa kutazama. Kahawa iliyokaangwa inaweza kutoa takriban asilimia 30 ya uzito wake kwenye maji, lakini si yote inayofaa kunywewa. Katika miaka ya 1950 Ernest Lockhart, aliyeongoza utafiti wa Coffee Brewing Institute nchini Marekani, aliweka mipaka ambayo bado inatumika: kahawa nzuri ya kuchuja hupatikana maji yanapotoa kati ya asilimia 18 na 22 ya uzito wa kahawa. Chini ya hapo huwa chachu na nyepesi. Juu ya hapo uchungu na ukakasi huanza kutawala.

Hesabu hiyo ina mtego, kwa kuwa ni wastani wa kahawa yote kwa jumla. Ndani ya koni kila chembe ina hesabu yake. Chukua kipande chenye upana wa milimita moja, ukivunje kuwa vipande vya sehemu ya kumi ya milimita: utapata vipande elfu moja, na eneo linaloguswa na maji litaongezeka mara kumi. Vumbi hilo humaliza kutoa ladha zake ndani ya sekunde chache, kisha linaendelea kutoa mengine tusiyoyataka. Wakati huohuo kipande kikubwa kilicho jirani yake maji hayajafika hata katikati yake. Mkichuja vyote kwa pamoja, wastani unaweza kusoma asilimia 20 kamili na kikombe kikawa kibaya, kwa sababu nusu yake ni ya kahawa iliyopita kiasi na nusu nyingine ni ya kahawa isiyofikia.

Panga za mashine ya visu hazina nafasi maalumu ya kuipitisha kahawa. Zinakata chochote kinachozifikia, na kilichokwisha kukatwa kinaweza kukatwa tena na tena huku kipande kingine kikizunguka juu bila kuguswa. Ukiongeza muda, vumbi linaongezeka pamoja na usagaji wenyewe. Kinu cha meno kinafanya kazi tofauti: punje huingia kati ya meno mawili, moja limetulia na jingine linazunguka, na haitoki mpaka iwe ndogo kuliko mwanya uliouweka. Hata hivyo hakuna kinu duniani kisichotoa vumbi. Punje iliyokaangwa ni kavu na dhaifu, ikivunjika lazima itoe unga kidogo. Vinu vinatofautiana kwa wingi wa vumbi hilo, na kwa ukaribu wa ukubwa wa chembe nyingine zote.

Nadharia hiyo ilielekeza lawama kwenye mashine ya visu, lakini sikutaka watoe fedha kwa nadharia tupu. Tulifanya majaribio matatu kwa kahawa ya mfuko mmoja, na ningemshauri mtu yeyote ayafanye kabla ya kununua chochote.

La kwanza lilikuwa la maji. Nilipomtazama akiandaa, niliona anaacha maji yapoe kwa muda mrefu baada ya kuchemka, kwa kuwa aliwahi kuambiwa kwamba maji ya moto sana huunguza kahawa. Kipimajoto kilionyesha yuko mbali chini ya nyuzi 90 anapoanza kumimina, na kufikia mwisho wa kumimina yamepoa zaidi. Kiwango kinachopendekezwa kwa kahawa ya kuchuja ni kati ya nyuzi 90 na 96. Tukarudia kwa maji yaliyotoka kuchemka wakati huohuo. Uchachu ulipungua sana. Ukakasi haukuondoka, na maji yalikwama kama kawaida. Kwa hiyo sehemu ya lalamiko la kwanza haikuwa ya kinu hata kidogo, na mashine yoyote ambayo wangenunua isingeiondoa.

La pili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji kifaa chochote zaidi ya chekeche laini ya jikoni. Tulisaga kahawa kwa mashine ya visu kama alivyozoea, tukaichekecha, kisha tukaandaa vikombe viwili mbalimbali: kimoja cha chembe zilizobaki juu, kingine cha unga ulioanguka chini. Uzito ulikuwa sawa, maji sawa, na muda wa kulowekwa sawa. Kikombe cha chembe kubwa kilikuwa chepesi na chachu, na hakikuwa na ukakasi. Kile cha unga kilikuwa kichungu, kizito, na kikakausha ulimi. Mke alionja cha kwanza, akaonja cha pili, akavichanganya kwenye kikombe cha tatu, akasema papo hapo, "Hii ndiyo kahawa yangu ya kila siku." Hapo hakuhitaji tena maelezo yangu ya asilimia.

Kuna watu wanaobaki na mashine ya visu na kuchekecha kila siku. Inasaidia, sawa na kusaga kwa mibonyezo mifupi huku ukikitikisa kikopo ili vipande vikubwa vishuke. Tulijaribu vyote viwili na kahawa ikawa bora. Lakini kuchekecha hutupa sehemu nzuri ya kahawa uliyoilipia, na mibonyezo haiwezi kurudiwa kwa namna ileile kesho. Lalamiko la pili, la kukosa uthabiti, lingebaki palepale.

La tatu lilihusu imani ambayo hata mimi niliishika kwa miaka: kwamba kusaga wakati uleule wa kunywa ndilo jambo kuu, mengine baadaye. Tulipeleka sehemu ya mfuko ukasagwe kwa kinu kikubwa cha meno pale kahawa ilipokaangiwa, kwa kiwango cha koni, tukaufunga vizuri. Kesho yake asubuhi tuliandaa kahawa hiyo pembeni ya ileile iliyosagwa muda huohuo kwa visu. Iliyosagwa jana ilishinda bila ubishi, mume na mke wakiwa hawajaambiwa ipi ni ipi. Harufu yake wakati wa kufungua ilikuwa hafifu kidogo, lakini kikombe kilikuwa safi, chenye utamu, na kila ladha ilisikika peke yake. Kusaga upya kuna thamani, kwa sababu kahawa ya unga hupoteza hewa ya kaboni na harufu zake haraka kuliko punje. Hata hivyo, katika nyumba hii, usawa wa chembe ulikuwa na uzito mkubwa kuliko saa chache za kukaa. Tokeo hilo ndilo lililoamua ununuzi mwishoni, kwa njia ambayo hatukuitarajia.

Baada ya jaribio la tatu mume aliuliza swali la haki: basi kwa nini tununue kinu, si tuwe tunasagiwa tu? Nililichukulia kwa uzito. Wanatumia gramu 30 kwa siku, mfuko wa gramu 250 unawaishia katika siku nane hivi, na mtu anayemaliza mfuko upesi namna hiyo hapotezi kila kitu akinunua kahawa ya unga. Kwa watu wengi ningesema wafanye hivyo na wasione aibu. Kwao kulikuwa na vizuizi viwili. Koni na birika la kukandamizia zinataka usagaji tofauti, hivyo wangelazimika kuwa na mifuko miwili iliyofunguliwa, na ule wa birika ungekaa wiki nzima ukisubiri siku za mapumziko. Zaidi ya hilo, kila kahawa mpya hutaka kurekebishwa. Iliyokaangwa kidogo ni ngumu na hutoa ladha zake polepole, kwa hiyo hutaka kusagwa laini zaidi. Iliyokaangwa sana huhitaji kinyume chake. Aliyesagiwa mfuko mzima kwa kiwango kimoja hana pa kurekebisha ila joto na muda. Wakaamua kinu kinahitajika.

Sasa ile ndoto ya espreso. Nataka kukaa hapa, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotelea.

Espreso hutaka maji yasukumwe kwa shinikizo la karibu baa 9 kupita kwenye kahawa iliyoshindiliwa, na kwa kawaida gramu 18 za kahawa hutoa gramu 36 za kinywaji katika sekunde 25 hadi 30. Kinachoyazuia maji yasipite ghafla ni kahawa yenyewe. Kwa hiyo badiliko dogo sana la mwanya kati ya meno, ambalo kwenye koni hulioni kabisa, kwenye espreso huweza kuongeza au kupunguza sekunde kadhaa. Kinu cha espreso lazima kiwe na marekebisho madogomadogo, au yasiyo na hatua kabisa, na meno yaliyokaa sambamba kwa usahihi mkubwa. Kinu cha kahawa ya kuchuja hakihitaji usahihi huo. Baratza Encore, kwa mfano, ina hatua 40 kutoka laini hadi kubwa, zinazotosha kabisa kwa kuchuja. Fellow Ode, yenye meno bapa ya milimita 64, ilitengenezwa kwa kahawa ya kuchuja na haikusudii espreso hata kidogo. Watengenezaji hao waliamua kufanya kazi moja vizuri.

Zipo mashine zinazofanya zote mbili vizuri, lakini katika kiwango cha fedha walichokuwa nacho rafiki zangu, ile waliyoitamani ilipata upana wake kwa kunyima kitu kingine. Nilipoijaribu niliona mambo mawili. Upande wa laini ilikuwa na hatua nyingi, upande wa chembe kubwa hatua zilikuwa chache na zenye kuruka, na upande huo ndio wangekuwa wanautumia kila siku. Halafu kuhama kutoka koni kwenda espreso na kurudi humaanisha kuzungusha marekebisho safari ndefu, na kila safari unatoa gramu kadhaa za kahawa iliyobaki kati ya meno kabla hujapata kiwango kipya. Wanaotumia espreso na koni kwa siku moja huishia kununua kinu cha pili. Niliwaambia wazi: hamna mashine ya espreso, hamjaichagua, na hamjui kama mtaipenda kazi yake. Ikija, itakuja na kinu chake. Cha leo kinunuliwe kwa kahawa mnayokunywa leo.

Walikubali, mume kwa shingo upande.

Zikabaki njia mbili za kweli: kinu cha mkono, au cha umeme chenye meno ya koni kwa kahawa ya kuchuja tu.

Mimi natumia cha mkono na nina upendo nacho usiofichika. Fedha ileile kwenye kinu cha mkono huingia kwenye meno, mhimili na beringi, kwa sababu hakuna mota wala saketi ya kulipia. Hakina kelele ya kumwamsha mtoto. Ila si kila kinu cha mkono ni kizuri, na tofauti iko mahali pasipoonekana kwenye picha. Vile vya bei ya chini mara nyingi hushikilia mhimili sehemu moja tu, na meno yakitanuliwa kwa ajili ya chembe kubwa yanaanza kuyumba: upande mmoja mwanya unakuwa mpana, mwingine mwembamba, na kile ulichonunua kwa ajili ya usawa kinatoa mchanganyiko tena. Shika mkono wa kinu, ukiyumbishe kushoto na kulia. Kama meno yanacheza, kiache. Angalia pia ukubwa wa hatua. Kwenye Comandante C40 kila hatua husogeza meno takriban mikroni 30, yaani sehemu tatu za mia za milimita, na hiyo ni hatua ndogo ya kutosha kwa koni. Tena angalia uwezo wa chumba cha punje, kwa maana vingi huchukua gramu 20 hadi 25, na nyumba hii inataka 30 kwa mara moja.

Niliwaazima changu, chenye nafasi ya kutosha, wakae nacho kwa muda. Ladha haikuwa na mjadala. Siku ambazo mtoto alilala, kahawa ilikuwa nzuri kuliko yoyote iliyowahi kutoka jikoni kwao, na maji yalishuka kwa muda uleule asubuhi baada ya asubuhi. Siku ambazo mtoto aliamka mapema, mke alikuwa naye kiunoni, na kinu cha mkono kinataka mikono miwili: mmoja wa kushika, mmoja wa kuzungusha. Siku hizo alirudi kwenye mashine ya visu. Mume alijitolea kusaga kabla ya kwenda kazini, jambo lililofanyika siku kadhaa na kusahaulika siku nyingine. Walipokuwa na mfuko wa kahawa iliyokaangwa kidogo, yenye punje ngumu, hata mume alilalamikia mkono.

Kifaa kizuri kinachobaki kabatini siku ngumu hakijatatua lalamiko la uthabiti, na hilo ndilo lililomsumbua mke kuliko mengine. Nikaacha kukitetea kinu cha mkono.

Lakini cha umeme kina kelele. Hapa ndipo jaribio la tatu liliporudi mezani, na ni mke aliyelikumbuka, si mimi. Kama kahawa iliyosagwa jana yake kwa kinu cha meno iliishinda ya visu iliyosagwa wakati huohuo, basi anaweza kusaga jioni, mtoto akiwa bado macho, akaiweka kwenye kopo dogo linalofunga vizuri na kujaa karibu hadi juu ili hewa iwe kidogo. Asubuhi atamwaga tu maji. Atapoteza harufu kiasi fulani, naye alikuwa ameonja kiasi hicho na kukikubali. Mwisho wa wiki mume atasaga mchana, atakapotaka.

Kuhusu meno ya koni au meno bapa, sikuwachosha. Meno bapa mazuri hutoa kahawa ambayo wengi huisikia kuwa safi zaidi na yenye ladha zilizotengana, na ya koni huipa kahawa uzito zaidi. Tofauti hiyo ipo, ila katika vinu vya kiwango hiki ubora wa utengenezaji na jinsi meno yalivyokaa sambamba huizidi. Meno bapa mabaya hayana faida yoyote juu ya meno mazuri ya koni. Nilitazama zaidi mambo yasiyotajwa kwenye matangazo: kama meno hutolewa bila vifaa vya fundi ili yasafishwe, kama meno na vipande vya plastiki vinauzwa peke yake kama spea, kama mota inazunguka polepole, na gramu ngapi hubaki ndani. Hili la mwisho linapimika: weka gramu 30, saga, pima zilizotoka. Kinachobaki leo kitatoka kesho kikiwa kimechacha.

Walichonunua ni kinu cha umeme chenye meno ya koni ya chuma ya milimita 40, cha kahawa ya kuchuja, kilichogharimu pungufu ya ile mashine ya kwanza. Kilichosalia kilinunua mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Nilifurahia mizani kuliko walivyotarajia, kwa sababu bila kipimo sahihi huwezi kujua kama badiliko la ladha limetoka kwenye usagaji au kwenye uzito.

Kukipatia kiwango kulikuwa kazi ya utulivu. Tulianza katikati ya hatua, kahawa gramu 30, maji yaliyotoka kuchemka, na tulibadilisha usagaji peke yake. Lengo la muda lilikuwa dakika tatu hadi tatu na nusu tangu kumimina kwa kwanza hadi maji kuisha kwenye koni, ila muda niliuchukulia kama kielekezi na ulimi kama hakimu. Kahawa ikiwa nyepesi na chachu, tulisogeza hatua moja kwenda laini. Ikianza kukausha ulimi, tulirudi. Jambo moja la kuzingatia: kwenda laini, mota iwe inazunguka, la sivyo vipande vilivyonaswa kati ya meno huzuia marekebisho yasifike unapodhani yamefika. Walipopata mahali pao, mke aliweka alama kwa kalamu kwenye kinu, na alama ya pili ya birika la kukandamizia hatua nyingi juu yake.

Malalamiko matatu yaliishia hivi. Ukakasi uliisha. Maji hayakwami, tofauti ya siku na siku ni ya sekunde chache. Uchachu uliobaki ni ule wa kahawa yenyewe, wa kupendeza, na hubadilika kutoka mfuko hadi mfuko kama inavyopaswa.

Yapo yaliyojitokeza baadaye. Umeme tuli ulifanya unga urukie kuta za kinu na meza. Wapenzi wa kahawa wamekuwa wakinyunyizia punje maji kidogo kabla ya kusaga tangu mwenzao David Ross alipoieneza mbinu hiyo mwaka 2005, na mwaka 2023 watafiti wakiwemo Joshua Méndez Harper na Christopher Hendon walichapisha katika jarida la Matter vipimo vinavyoonyesha kwamba unyevu wa punje huamua kwa kiasi kikubwa chaji inayozaliwa wakati wa kusaga. Kwa gramu 30, mke hulowesha mpini wa kijiko, anakoroga punje mara moja, basi. Asizidishe, kwa kuwa maji na meno ya chuma havipatani, na kwa sababu hiyohiyo meno husafishwa kwa brashi kavu tu. Mafuta ya kahawa yakiachwa humo huvunda na kuharibu hata punje nzuri.

Birika la mume bado linatoa mashapo kidogo. Wavu wa chuma hupitisha vumbi ambalo karatasi hulizuia, na hakuna kinu ambacho wangekinunua kingeliondoa lote. Kilichosaidia ni subira: baada ya dakika nne anakoroga juu, anaondoa povu, anasubiri dakika nyingine tano au zaidi, kisha anausogeza wavu hadi usoni mwa kahawa tu bila kuusukuma chini. Vumbi hutulia lenyewe.

La mwisho lilimtatiza mke hadi akanipigia simu. Walikuwa wamenunua mifuko miwili na kuweka mmoja kwenye friza. Alipousaga ukiwa bado na baridi, kwa alama ileile, maji yalichelewa kushuka na ukakasi ukarudi kwa mbali. Kinu hakikuwa na kosa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika Scientific Reports ulionyesha kwamba punje zikiwa baridi husagika kuwa chembe ndogo zaidi, na zenye ukubwa unaokaribiana zaidi. Kwa maneno mengine, alikuwa amesaga laini kuliko alivyokusudia bila kugusa marekebisho. Angeweza kuziacha punje zifikie joto la chumba mfuko ukiwa bado umefungwa. Alichagua kuzisaga baridi, hatua mbili kuelekea chembe kubwa, na sasa mfuko wa friza una namba yake imeandikwa juu.